Injini mpya, moshi wa bluu: Pima kwanza kabla ya kushusha tena

WENYE magari ya biashara wengi wanaifahamu hali hii. Injini imeshushwa, silinda zimepanuliwa kwa mashine, pistoni na ringi mpya zimefungwa, fundi amelipwa na gari limerudi barabarani. Wiki mbili hazijaisha, dereva analeta taarifa mbaya: gari linatoa moshi wa bluu na kila jioni linadai oili.

Hapo ndipo mabishano huanza. Fundi husema ringi ni feki. Muuza vipuri husema fundi hajui kufunga. Mwenye karakana ya mashine husema silinda zilitoka kwake zikiwa safi. Katikati yao amesimama mwenye gari, ambaye mtaji wake umekwishazama, naye hupewa ushauri mmoja tu: shusha injini tena.

Kushusha mara ya pili maana yake ni ufundi mpya, gasketi mpya, oili mpya na siku kadhaa bila hesabu ya dereva. Lakini ushahidi mwingi wa kosa hupatikana injini ikiwa bado ndani ya gari, na ushahidi huohuo ndio unaoonyesha nani abebe gharama.

Anza na daftari

Chukua mfano wa Toyota Corolla yenye injini ya 5A-FE, ya cc 1,498, ambayo hubeba takriban lita tatu za oili. Simamisha gari mahali tambarare injini ikiwa imepoa, jaza oili hadi alama ya juu, wala usizidishe, kwa kuwa oili iliyozidi nayo huungua. Andika kilomita. Baada ya kilomita 500 pima tena.

Tuseme imepungua lita moja. Teksi inayokwenda kilomita 150 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, itakunywa karibu lita nane. Zidisha kwa bei unayonunulia. Hatari kubwa zaidi iko safarini: kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na kwa mwendo huo zaidi ya nusu ya oili itakuwa imekwisha kabla ya kufika. Injini iliyokauka hula metali za krenki, na hapo hasara si ya ringi tena.

Angalia pia chini ya gari. Oili inayovuja kwenye sampu au kwenye kifuniko cha valvu haiungui. Dawa yake huenda ikawa gasketi tu.

Kama kila kitu kiko kavu, usikimbilie lawama. Ringi mpya zinahitaji muda wa kukaa vizuri ndani ya silinda, kwa kawaida kama kilomita 1,000 hadi 1,500. Cha kutazama ni mwelekeo wa daftari. Oili inayoliwa ikipungua kila unapopima, vumilia. Ikibaki palepale au kuongezeka, anza uchunguzi. Katika kipindi hicho usiiache injini ikiunguruma saa nzima gari limesimama. Ringi hukaa kwa kufanya kazi. Injini isiyovuta mzigo hung'arisha kuta za silinda, na oili huendelea kupita.

Moshi hutoka saa ngapi?

Rangi ndiyo hatua ya kwanza. Moshi wa bluu ni oili. Moshi mweusi ni petroli kupita kiasi. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto unaashiria maji, na hapo mkague gasketi ya silinda hedi.

Hatua ya pili ni wakati. Moshi unaotoka asubuhi gari linapowashwa kisha ukapotea, au unaofumka unapokanyaga mafuta baada ya kushuka mlima mguu ukiwa juu, hutilia shaka sili za valvu au mirija ambamo valvu hupita. Moshi unaozidi gari linapovuta mzigo au kupanda mlima huelekeza kwenye ringi na silinda.

Vipimo vya gharama ndogo

Anza na valvu ya kupumulia injini na mpira wake. Vikiziba, mgandamizo ndani ya injini huisukuma oili kwenda isikotakiwa. Kipuri hiki ni kidogo, na wapo walioshusha injini nzima bila kukigusa.

Kisha fungua plagi zote na kuzipanga kwa namba za silinda. Plagi moja ikilowa oili na tatu zikiwa kavu, kosa liko kwenye silinda moja. Zikilowa zote, tafuta sababu inayozihusu zote.

Sasa pima kompresheni. Rekodi kila silinda, halafu tia kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi na upime tena. Kipimo kikipanda sana, hewa ilikuwa ikipita kwenye ringi. Kisipopanda, tazama valvu au gasketi.

Lakini kuna mtego. Kompresheni inaweza kuwa nzuri na injini ikaendelea kula oili. Ringi mbili za juu huzuia mgandamizo, ilhali ya tatu ndiyo inayokwangua oili. Hiyo ikifungwa vibaya, geji haitasema neno. Hivyo kompresheni nzuri peke yake haimtakasi fundi.

Nani alipe?

Kama ni sili za valvu, kwenye injini nyingi hubadilishwa bila kufungua hedi, kwa kujaza hewa ya kompresa ndani ya silinda ili valvu isidondoke. Kazi hiyo haihitaji kushusha injini.

Ikithibitika ni ringi, injini ifunguliwe mbele ya wote wanaohusika. Ringi iliyogeuzwa alama yake ikatazama chini, au springi ya ringi ya oili iliyopandana ncha, ni kosa la mfungaji. Silinda iliyopanuliwa kwa ovasaizi ya 0.50 ikapewa ringi za 0.25 ni kosa la aliyeagiza au aliyeuza. Boksi na risiti vitaamua. Silinda isiyo duara, au isiyo na mistari ya msalaba ya kushika oili, ni ya karakana ya mashine.

Kwa hiyo ulinzi wa mwenye gari huanza kabla ya injini kufungwa. Dai karatasi yenye vipimo vya kila silinda. Tunza maboksi ya vipuri na risiti ya EFD. Mweleze muuzaji injini na ovasaizi unayotaka, kwani chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi aliyeeleza matumizi yake na kutegemea utaalamu wa muuzaji ana haki ya kupata bidhaa inayofaa kwa matumizi hayo.

Na unapopatana na fundi, bakiza sehemu ya malipo hadi gari litimize kilomita 1,500, mkiandikiana kabla ya kazi kuanza. Fundi anayeiamini kazi yake hataona tabu kuweka sahihi.