Supu si lazima iwe ya nyama

Katika mkoa wetu wa Mara neno supu lina maana moja tu. Ukimwambia mtu wa Musoma mjini kwamba unakwenda kunywa supu, hakuulizi ni supu ya nini. Anajua ni makongoro au utumbo, chapati mbili na kipande cha ndimu pembeni, tena asubuhi. Kwa hiyo muuguzi wa kliniki anapomwambia mama, "Mpe mtoto supu ya mboga," mama anaitikia, anarudi nyumbani, halafu anabaki na sufuria mkononi asijue aanzie wapi.

Ndivyo alivyoniandikia mama mmoja wa Bunda. Mwanawe wa miaka mitatu ameambiwa damu ni pungufu. Amepewa dawa na ameshauriwa kuhusu chakula. Baba watoto anaendesha bodaboda, nyama huingia nyumbani mwisho wa mwezi, na mwezi mwingine haiingii kabisa. Anauliza, hiyo supu ya mboga inapikwaje, na je, si chakula cha watu wenye friji na mashine ya kusagia?

Mama, nikujibu la mwisho kwanza. Mashine haihitajiki. Upekecho ule ule wa kupigia mlenda unatosha, au mgongo wa upawa. Friji nayo haihitajiki, maana supu hii hupikwa ya siku moja na ikaisha siku hiyo hiyo.

Lakini kabla ya sufuria, neno moja kuhusu damu. Huku kwetu kando ya Ziwa Victoria damu ya mtoto hupungua kwa sababu nyingi, na chakula ni mojawapo tu. Kuna malaria, kuna minyoo ya safura, kuna kichocho. Supu haitibu hata kimoja kati ya hivyo. Mtoto amalize dawa alizoandikiwa na arudishwe kupimwa siku aliyoambiwa. Kazi ya supu ni kuupa mwili vitu vya kutengenezea damu, wakati dawa inaziba tundu damu inakovujia.

Sasa kwa nini supu, na si mchicha wa kawaida kando ya ugali? Tazama tunavyopika majani. Mnafu na mgagani vina uchungu, kwa hiyo wengi wetu huyachemsha, hukamua, na kumwaga maji ya kijani kibichi nje ya mlango. Yale maji yana vitamini zinazoyeyuka majini, na mtoto angeyahitaji. Katika supu maji hayamwagwi, yanakunywewa. Kama uchungu unakusumbua, fanya kama jirani zetu Wakisii ng'ambo ya mpaka, ambao mgagani wanauita chinsaga na hupenda kuutia maziwa. Maziwa hupunguza makali ya uchungu bila kumwaga kitu.

Hapo nitoe onyo, kwa sababu kuna jani moja ambalo halifuati kanuni hii, nalo ni kisamvu. Majani ya muhogo yana sumu. Yatwangwe vizuri, yachemshwe kwa muda mrefu bila kufunikwa, na maji ya kwanza yamwagwe. Kisamvu kisitiwe katika supu ya haraka hata siku moja. Sisi watu wa Mara hatuna haja ya kuhadithiwa habari za sumu ya muhogo. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilaya ya Tarime ilipata mlipuko wa ugonjwa ambao waganga huuita konzo. Mtu mzima wa afya anajikuta miguu imekakamaa ghafla, na ulemavu haumtoki tena. Walioumia zaidi walikuwa wanawake na watoto. Wataalamu waliochunguza walikuta kwamba kwa sababu ya njaa watu walikuwa wamefupisha siku za kuandaa muhogo mchungu, wakaula siku nyingi mfululizo bila kitoweo cha maana. Mwili unahitaji protini ili kuivunja sumu ile. Sisi tunaokula ugali wa udaga karibu kila siku tulikumbuke hilo tunapofikiria kwamba kitoweo ni anasa.

Tuingie jikoni. Supu ya kwanza ni ya boga, kwa kuwa boga hupandwa katikati ya mahindi na mtama, halidai mbolea wala shamba lake peke yake, na mvua zikiwa nzuri hushuka kutoka vijiji vya Butiama kuja sokoni kwa bei ambayo hainunui robo ya nyama. Chukua kilo moja ya boga lililomenywa, likate vipande vidogo. Kaanga kitunguu kimoja kwa vijiko viwili vya chakula vya mafuta, tia nyanya mbili na tangawizi kidogo iliyotwangwa, kisha boga, kisha maji lita moja na robo. Funika. Baada ya dakika 20 boga limelainika. Epua, lipekeche mpaka liwe laini, urudishe jikoni.

Halafu zinakuja karanga. Vijiko vitatu vya karanga zilizosagwa uzikoroge pembeni kwa maji ya vuguvugu kwanza, la sivyo zitafanya madonge. Mimina taratibu, acha ichemke kwa moto mdogo dakika 10, na usiondoke jikoni, maana karanga hushika chini. Karanga yenye ukungu au iliyogeuka rangi itupwe, hata kama ni moja, kwa sababu sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha. Supu hii inatoa vikombe sita. Rangi ile ya njano ya boga ndiyo dalili ya kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na vitamini hiyo haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Ndiyo maana ya yale mafuta na zile karanga. Hazikuwekwa kwa ajili ya ladha tu. Siku ambazo boga halipo, viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vinafanya kazi hiyo hiyo.

Supu ya pili ndiyo ninayompendekezea yule mtoto wa Bunda, nayo ni ya dagaa na majani. Najua mtu atasema hiyo si supu ya mboga. Katika Kiswahili chetu mboga ni chochote kinachoteremsha ugali, hata samaki. Ukiuliza, "Leo mboga gani?" ukajibiwa, "Dagaa," hakuna anayeshangaa. Basi na iwe hivyo.

Dagaa waliokaushwa mchangani waoshwe kwa maji ya vuguvugu mara tatu au nne, mpaka chini ya bakuli pasibaki mchanga. Ukipata waliokaushwa juu ya chanja, nunua hao hata kama wamezidi bei kidogo, kwa sababu gramu za mchanga nazo unazilipia. Wakaange bila mafuta mpaka wakauke, kisha watwange kinuni na vichwa vyao na mifupa yao. Unga huo ukiwa mkavu hukaa wiki nzima katika kopo lenye kifuniko. Kwa sufuria ya familia, pika kikombe kimoja cha choroko kwa maji lita moja na nusu. Choroko huiva kwa dakika 40 hivi bila kulowekwa. Tia kitunguu, nyanya, na vijiko vitatu vya unga wa dagaa. Mwisho kabisa, dakika tano kabla ya kuepua, tia mafungu mawili ya mchicha au mnafu, yaliyooshwa kabla ya kukatwa, si baada. Ukishaepua kamulia ndimu.

Ndimu ile ina sababu. Madini ya chuma yaliyomo katika majani na choroko ni magumu kufyonzwa na mwili, na vitamini C huyafungulia mlango. Moto huiharibu vitamini C, ndiyo maana ndimu inakuja baada ya kuepua. Chai inafanya kinyume chake, inaufunga mlango. Kwa hiyo kikombe cha chai kisifuatane na supu. Kisubiri saa moja au mbili. Magadi nayo yakae mbali na sufuria hii. Ni kweli yanalainisha upesi, lakini yanaua vitamini.

Kosa ninaloliona katika nyumba nyingi ni kumpa mtoto mdogo maji ya juu ya supu, wakubwa wakala vilivyomo. Maji yale yanajaza tumbo dogo bila kulipa nguvu. Mtoto aliyepita miezi sita apewe ile nzito, iliyopondwa, inayong'ang'ania kijikoni. Aliye chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu, supu haimhusu.

Kuhusu vile vipande na unga wa kuongeza ladha vinavyouzwa kila duka, sina ugomvi na mwenye kuvipenda, ila ajue kwamba sehemu kubwa ya anachonunua ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, na mtoto chini ya hapo. Dagaa na nyanya iliyokaangwa vizuri vina ladha ya kutosha. Kama umetia kipande, basi usitie chumvi tena.

Mkaa nao ni gharama, na mara nyingine unazidi bei ya kilichomo sufuriani. Kata vipande vidogo, funika. Choroko zikishachemka sana dakika 15, unaweza kuziepua na kifuniko chake, ukaiweka sufuria ndani ya boksi lililojaa majani makavu au nguo nzito, ukalifunga. Joto halina pa kutokea, choroko zinaendelea kuiva zenyewe, wewe uko sokoni. Ukirudi saa mbili baadaye unazirudisha jikoni zichemke tena, ndipo unaweka majani.

Mambo haya si mageni redioni. Mwaka 1973 Radio Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 wakakaa katika vikundi kusikiliza na kujadiliana, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Mwaka ule ule wa 1973 ndipo ilipotungwa sheria ya kuanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa. Nadhani kilichozifanya kampeni zile zishike si redio peke yake, bali ni yale mazungumzo baada ya redio kuzimwa, jirani akimwuliza jirani umepikaje. Basi mwenye njia yake ya kupika supu bila nyama, awe wa Nyasho au wa Majita, aniandikie.

Na yule aliyeniuliza afanyeje kiangazi, mchicha unapopanda bei, wiki ijayo tutazungumzia jinsi ya kukausha majani ya kunde kivulini.