Mpira wa Maji Kabla ya Kompyuta

Ramani nzuri ya nyumba pale Masii huanza na mpira wa maji. Fundi mmoja hushika ncha ya mpira mwangavu kwenye bikoni ya juu ya ploti, mwenzake hushuka na ncha ya pili hadi bikoni ya chini. Maji yakishatulia, kila mmoja hupima kwa tepu ni umbali gani kutoka ardhini hadi usawa wa maji. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo mteremko, na mchoraji asiyekuwa nayo kwenye daftari bado hana sababu ya kuwasha kompyuta.

Skrini hudanganya kwa upole. Ukifungua faili mpya katika AutoCAD, ArchiCAD au SketchUp, unapokewa na ardhi tambarare isiyo na jiwe wala kisiki. Masii, iliyo kwenye barabara ya Machakos kwenda Kitui, ni nchi ya miteremko na matuta. Matuta hayo ya Ukambani ndiyo yaliyovipa vitabu vya udongo vya dunia nzima jina "fanya juu", likaandikwa hivyo hivyo kwa Kiswahili hata ndani ya Kiingereza. Wakulima waliusoma mteremko kwa jembe. Itakuwa ajabu mchoraji mwenye laptopu ausahau.

Tuseme ploti ina urefu wa mita 30 na mpira umeonyesha kwamba inashuka sentimita 120 kutoka juu hadi chini. Nyumba ni ya mita 12 kwa 8. Ikilazwa kufuata mteremko, ardhi chini yake itashuka sentimita 48. Ikigeuzwa ikakingama, itashuka 32 tu. Tofauti hiyo haitishi mtu kwenye karatasi, lakini sakafu ikiinuliwa sentimita 15 juu ya ardhi ya upande wa juu, nyumba iliyokingama itaokoa zaidi ya mita 7 za ujazo za mawe na kifusi. Pia ukuta wa msingi upande wa chini utakuwa mfupi. Hizo ni pesa ambazo zingezikwa kabla hata tofali moja halijaonekana juu ya ardhi, na kwenye kompyuta zimeokolewa kwa kuizungusha nyumba nyuzi 90, kazi ya sekunde kadhaa.

Bila shaka kuzungusha kunategemea upana. Hapa ndipo ile ploti maarufu ya "50 kwa 100" huanza kuleta maneno. Futi 50 kwa 100 ni milimita 15,240 kwa 30,480. Hati ikiandika hekta 0.045, hiyo ni mita za mraba 450, yaani mita 15 kwa 30. Sentimita 24 zimekwenda upande mmoja na 48 upande mwingine bila mtu yeyote kuiba. Mchoraji makini hupima bikoni kwa bikoni, huchora mpaka aliopima, kisha huulinganisha na hati. Programu huwekwa kwenye milimita tangu mwanzo, hata kama mbao zitanunuliwa kwa futi. Anayechanganya vipimo ndani ya faili moja atakuja kuona mlango mpana kuliko sebule.

Kuna mtego mwingine, ramani za bure za Marekani. Mtu huiona nyumba ya kupendeza kwenye simu, akampelekea mchoraji na kumwambia, "Nifanyie hii." Ukuta wa ndani wa nyumba ile kwa kawaida ni fremu ya mbao iliyofunikwa kwa mbao za jasi, unene wake kama sentimita 11. Ukuta wa mawe wa sentimita 20, ukipigwa plasta ya sentimita moja na nusu kila upande, unafika 23. Kuta nne za namna hiyo zikifuatana ndani ya nyumba, karibu nusu mita imeliwa. Mara nyingi inayoumia ni korido, au ile nafasi ya kabati ambayo mama mwenye ploti alishaihesabu.

Na kama ni matofali ya kuchoma, hatua ya kwanza ni kwenda kwenye tanuri na tepu. Tofali la tanuri moja si ndugu wa tofali la tanuri jingine. Pima matofali kumi yaliyopangwa kwa mstari, gawanya kwa kumi, ongeza udongo wa kuungia, halafu ndipo uiambie programu unene wa ukuta. Kipimo kinachokuja tayari ndani ya programu ni cha nchi ya aliyeitengeneza.

Chumba nacho kipimwe kwa vitu vya humu humu. Kitanda cha futi 6 kwa 6 ni sentimita 183. Katika chumba chenye mita 3 kamili kati ya plasta na plasta, zinabaki sentimita 117 za kupita, kufungua mlango na kuweka kabati. Mchoraji aliyepima kutoka katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta akaandika "3000" amemnyima mwenye chumba sentimita 23, na hatalijua kosa hilo mpaka kitanda kitakapofika kutoka kwa seremala.

Jua nalo lina mambo yake. Masii iko takriban nyuzi moja na nusu kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua la saa sita mchana huegemea kaskazini, na Desemba huhamia kusini, lakini wakati huo wa siku halishuki chini ya nyuzi 65 hivi kutoka upeo wa macho. Kwa hiyo paa lililotokeza sentimita 60 nje ya ukuta hutia kivuli karibu sentimita 130 za ukuta wa kaskazini au kusini, na dirisha limesalimika. Jua la saa kumi alasiri ni habari nyingine: linakuja chini chini kutoka magharibi, na hakuna upenu unaolizuia. Upande huo uachiwe stoo, bafu na ukuta usio na madirisha makubwa. SketchUp na ArchiCAD huweza kuonyesha vivuli saa kwa saa, ila lazima mchoraji aziambie nyumba iko wapi na kaskazini ni wapi. Na mteremko ukivutana na jua? Mwandishi wa makala haya angeufuata mteremko. Jua la magharibi litatulizwa na veranda na mwembe, lakini msingi haupozwi na mti.

Paa ndilo jambo ambalo programu hulirahisisha kupita kiasi. Bonyeza kitufe, na nyumba yenye kona kumi na mbili inavikwa paa lenye migongo na mabonde kila upande. Kwenye skrini linang'aa. Juani, kila bonde ni mabati ya kukatwa mshazari, vipande vya kutupwa na mahali pa kuvuja. Paa la mgongo mmoja na pande mbili halina makuu, na kwa Ukambani lina faida moja kubwa: gata mbili zilizonyooka.

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la nyumba yetu, pamoja na upenu wake, hufunika kama mita za mraba 121. Mvua ya milimita 20 italeta lita 2,400 hivi, na hata sehemu moja ya tano ikipotea, zinabaki zaidi ya 1,900. Mvua tano kama hizo katika msimu wa Oktoba hadi Desemba zinakaribia kujaza tangi la lita 10,000. Tangi hilo lichorwe tangu siku ya kwanza, kwa duara la kipimo chake halisi na jukwaa lake. Upande wa chini wa ploti huacha nafasi nzuri kati ya gata na mdomo wa tangi, ingawa maji hayatapanda yenyewe hadi jikoni.

Kuhusu programu ipi, maneno ni mengi kuliko haja. Sweet Home 3D na LibreCAD hazilipiwi, na zinamtosha mwenye ploti anayetaka kuonyesha anachofikiria. Ramani ya kupelekwa serikali ya kaunti ni jambo jingine. Inahitaji msanifu majengo na mhandisi waliosajiliwa, na kanuni za ujenzi zimebadilika: zile za 1968 zilizotumika kwa miongo mingi zilirithiwa na za 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025. Na programu yoyote itakayochaguliwa, kazi isipotee umeme ukikatika: AutoCAD kwa kawaida hujihifadhi kila dakika 10. Kwa stima zetu, dakika 3 ni bora.

Kabla ya kuchapisha, mchoraji hurudi kwenye ploti na vigingi, kamba na majivu. Vyumba vinachorwa ardhini kwa ukubwa wake. Mwaitu, mama wa mwenye ploti, huitwa aje na kigoda chake, akae pale anapotaka kupikia. Anainua mkono kama anayefungua mlango, anauliza sufuria itapita wapi huku mlango ukifungukia ndani. Mlango unageuzwa, na faili inahifadhiwa kwa jina jipya.