Msomaji Mbele ya Mgeni wa Angani: Upokezi wa Riwaya ya San Ti

Utangulizi

Kwa muda mrefu uhakiki wa fasihi ulishughulika na maswali mawili: ni nani aliyeitunga kazi, na kazi yenyewe imetungwa vipi. Swali la tatu, yaani ni nani anayeisoma na anaisoma akiwa na nini moyoni, lilichelewa kupewa hadhi yake. Mwaka 1967 Hans Robert Jauss, katika mhadhara alioutoa katika Chuo Kikuu cha Konstanz huko Ujerumani, alishikilia kwamba historia ya fasihi haikamiliki pasipo kumzingatia msomaji. Msomaji, kwa maoni yake, haijii kazi akiwa mtupu. Huijia akiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na vitabu alivyokwisha kuvisoma, na jamii iliyomlea, na mambo yaliyompata.

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi upeo huo unavyofanya kazi, kwa kutumia mfano wa riwaya ya kisayansi ya Kichina iitwayo San Ti, ya mwandishi Liu Cixin. Riwaya hiyo, yenye juzuu tatu, inasimulia jinsi wanadamu wanavyokutana na viumbe wa sayari nyingine, na matokeo ya kukutana huko katika karne nyingi zinazofuata. Mfano huu umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, riwaya imesomwa na watu wa mataifa mengi, na mapokezi yake yamehitilafiana sana. Pili, suala lake kuu ni namna ya kumpokea mgeni asiyejulikana nia yake. Kwa hiyo kila msomaji anayetoa hukumu juu ya wahusika hutoa pia, apende asipende, hukumu juu ya uwezo wa lugha wa kuwapatanisha watu wasiojuana.

Riwaya na safari yake

Liu Cixin alizaliwa mwaka 1963, akakulia katika mji wa Yangquan, jimbo la Shanxi, na kwa miaka mingi alikuwa mhandisi wa kompyuta katika kituo cha kuzalisha umeme. Juzuu ya kwanza ya San Ti ilitolewa kwa mfululizo mwaka 2006 katika jarida la Kehuan Shijie la mjini Chengdu, kisha ikatoka kama kitabu mwaka 2008. Juzuu ya pili ilifuata mwaka huo huo, na ya tatu mwaka 2010. Jina San Ti lina maana ya magimba matatu. Linarejelea tatizo la kale la fizikia la kukadiria mwendo wa magimba matatu ya angani yanayovutana, tatizo ambalo halina kanuni moja nyepesi ya kulitatua kwa kila hali. Viumbe wa riwaya hii wanaishi katika sayari yenye majua matatu. Hawawezi kutabiri lini kutapambazuka wala lini joto litaunguza kila kitu, na ndiyo sababu wanatafuta makao mapya.

Tafsiri ya Kiingereza ya juzuu ya kwanza, iliyofanywa na Ken Liu, ilichapishwa Marekani mwaka 2014. Mwaka 2015 ikapata tuzo ya Hugo ya riwaya bora, ikiwa ni mara ya kwanza kwa kazi ya tafsiri kuipata katika fungu hilo. Yafaa ikumbukwe kwamba riwaya hiyo haikuwamo katika orodha ya kwanza ya wateule. Iliingia baada ya Marko Kloos, mwandishi mwingine, kuiondoa kazi yake kwa hiari. Katika mahojiano yaliyochapishwa na gazeti la New York Times Januari 2017, Barack Obama, aliyekuwa akimaliza muda wake wa urais, alisema kwamba ukubwa wa mambo ya riwaya hii uliyafanya mabishano yake ya kila siku na Bunge yaonekane madogo. Hayo ni mapokezi ya kiongozi aliyechoshwa na siasa, na yanaeleza hali ya msomaji sawa na yanavyoeleza kitabu.

Mpangilio wa sura na jicho la msomaji

Tofauti ya kwanza kati ya wasomaji wa China na wale wa Kiingereza ilianzia kwenye mpangilio. Katika jarida, mwaka 2006, hadithi ilifunguliwa na matukio ya Mapinduzi ya Utamaduni: Ye Wenjie, msichana aliyesomea fizikia ya nyota, anamwona baba yake, profesa, akipigwa hadi kufa mbele ya umati mwaka 1967. Katika kitabu cha mwaka 2008 sura hizo zilihamishwa na kuwekwa ndani zaidi, zisiwe mlango wa hadithi. Tafsiri ya Kiingereza, kwa ridhaa ya mwandishi, ilizirudisha mwanzoni.

Mabadiliko haya yanaweza kuonekana kuwa ya kifani tu, lakini yanagusa maudhui yenyewe. Msomaji aliyekifungua kitabu cha mwaka 2008 alikutana kwanza na fumbo: wanasayansi wa siku hizi wanajiua, na hakuna ajuaye sababu. Kwa hiyo aliisoma riwaya kama upelelezi wa kisayansi, na historia ilimjia baadaye kama ufunguo wa fumbo. Msomaji wa Kiingereza alianza na damu ya profesa. Tangu ukurasa wa kwanza alijua kwamba Ye Wenjie, atakapowaita viumbe wa mbali kwa mitambo ya kituo cha siri cha jeshi, atakuwa amekwisha kukata tamaa na wanadamu. Kwake kisa chote kilikuwa ushahidi wa methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako.

Haifai kusema kwamba usomaji mmoja ni sahihi na mwingine ni potofu. Linalodhihirika ni kwamba mpangilio wa sura huutengeneza upeo wa matarajio kabla msomaji hajapata nafasi ya kuutengeneza mwenyewe. Mfasiri naye, ambaye mara nyingi hudhaniwa kuwa mchukuzi wa maneno tu, huwa ameshika usukani. Jina la juzuu ya tatu ni mfano mwingine. Kwa Kichina jina hilo lina maana kwamba mungu wa mauti huishi milele, ilhali jina la Kiingereza, Death's End, humfanya msomaji afikirie mwisho wa mauti. Wasomaji wa lugha mbili walikiingia kitabu kimoja kwa milango miwili inayotazamana.

Msitu wa giza: mjadala juu ya kuaminiana

Mjadala mkali zaidi ulizuka juu ya wazo la juzuu ya pili, linalojulikana kama msitu wa giza. Mhusika Luo Ji anajenga hoja yake juu ya misingi miwili: kwamba haja ya kwanza ya kila ustaarabu ni kuendelea kuishi, na kwamba staarabu hukua bila kikomo ilhali mali iliyomo ulimwenguni haiongezeki. Kutokana na misingi hiyo anahitimisha kwamba ulimwengu ni msitu wenye giza, na kila ustaarabu ni mwindaji anayenyata. Anayejulikana mahali alipo huangamizwa.

Wasomaji wengine walilipokea wazo hili kama jibu la swali lililoulizwa na mwanafizikia Enrico Fermi mwaka 1950: ikiwa kuna viumbe wengi huko angani, mbona hawaonekani? Wengine walilitoa katika riwaya na kulipeleka sokoni. Liu mwenyewe ameeleza kwamba wafanyabiashara wa mtandao wa kompyuta nchini China waliitumia hadithi yake kueleza ushindani baina ya makampuni yao. Mwanafizikia Li Miao aliandika kitabu kizima juu ya fizikia ya San Ti. Basi kitabu kimoja kilisomwa kama elimu ya nyota, kama fizikia na kama mwongozo wa biashara. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Kwa mtaalamu wa lugha, hata hivyo, nguzo ya hoja ya Luo Ji haimo katika fizikia. Imo katika kile anachokiita mnyororo wa shaka. Mimi sijui kama wewe ni mwema. Hata nikijua, sijui kama wewe wajua kuwa mimi ni mwema. Na mnyororo huo hauna mwisho. Luo Ji anakiri kwamba duniani mnyororo huu hukatwa kwa mazungumzo, kwa sababu wanadamu ni wa jinsi moja na hukaa karibu. Angani, umbali na tofauti ya maumbile huyafanya mazungumzo yasifae kitu. Hili ni dai juu ya mipaka ya lugha, na lapaswa kupimwa kwa vipimo vya lugha.

Likipimwa hivyo, riwaya yenyewe inatoa ushahidi wa pande mbili. Viumbe wa majua matatu hawatofautishi kufikiri na kusema. Wazo la mmoja huonekana na mwenzake papo hapo, na kwa sababu hiyo uongo wa wanadamu unawatisha. Hapo lugha inaonekana kuwa pazia la kufichia nia. Kwa upande mwingine, katika juzuu ya kwanza, ujumbe wa kwanza unaoifikia dunia unatoka kwa msikilizaji mmoja wa sayari ile anayewaonya wanadamu wasijibu. Kiumbe huyo hana undugu nao, na umbali ni wa zaidi ya miaka minne ya mwendo wa nuru, lakini anasema kweli kwa huruma, na onyo lake linaeleweka. Ye Wenjie hakulipuuza kwa kutolielewa. Alilielewa vizuri, akajibu kwa makusudi. Kwa hiyo aliyechukulia msitu wa giza kuwa kanuni ya maisha ameikubali hoja ya mhusika mmoja na kuusahau ushahidi wa kitabu kizima.

Hukumu juu ya Cheng Xin

Katika juzuu ya tatu usalama wa dunia unategemea kitisho: wanadamu wakishambuliwa, mshika upanga atatangaza mahali zilipo dunia zote mbili, na zote zitaangamizwa na wawindaji wengine. Cheng Xin, mwanamke mhandisi, anapokabidhiwa kazi hiyo, mashambulizi yanaanza mara moja, naye hatangazi. Wasomaji wengi wa China walimlaumu kwa ukali. Neno shengmu, ambalo maana yake ya asili ni mama mtakatifu, limegeuzwa katika matumizi ya siku hizi kuwa tusi la kumkebehi mtu ambaye wema wake huwaponza wengine, nalo likabandikwa juu yake. Ni mfano wa wazi wa neno la heshima linalovuliwa heshima yake na watumiaji.

Watetezi wake walijibu kwamba kuziangamiza dunia mbili kusingemwokoa yeyote. Wengine, hasa katika nchi za Magharibi, hawakumlaumu mhusika bali mwandishi, wakisema kwamba wahusika wake ni bapa na kwamba wanawake wake wamechorwa kwa kalamu ya mazoea. Lakini jambo moja husahauliwa na walaumu wengi. Cheng Xin hakujitwalia upanga. Wanadamu ndio waliomchagua, kwa sababu walipenda uso wa upole kuliko uso wa kutisha. Lawama aliyorushiwa na wasomaji inafanana mno na lawama wanayomrushia wanadamu wa ndani ya riwaya baada ya kumchagua. Hapo msomaji amegeuka kuwa mmoja wa wahusika bila kujijua.

Upokezi huo uliendelea hata kuzaa utunzi. Mara baada ya juzuu ya tatu kutoka, msomaji mmoja, atumiaye jina la Bao Shu, aliandika kisa cha kuiendeleza, na mwaka 2011 kikachapishwa kama riwaya kwa idhini ya Liu. Mwaka 2023 televisheni ya China ilionyesha mchezo wa mfululizo ulioifuata riwaya kwa karibu, na mwaka 2024 ukatokea mwingine wa kampuni ya Netflix uliohamishia sehemu kubwa ya matukio Uingereza. Watazamaji wengi wa China waliupinga huo wa pili, wakiuliza kisa kinabakiwa na nini kikinyang'anywa watu wake.

Hitimisho

Msomaji wa Kiswahili naye ana upeo wake. Amelelewa na methali mgeni njoo mwenyeji apone, lakini pia na ile isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hizo mbili hazina habari ya msitu wa giza: ya kwanza inamtarajia mgeni alete heri, na ya pili inamwingiza katika kazi ya nyumba. Zote zinachukulia kwamba mgeni na mwenyeji wataweza kuambizana neno. Katika fasihi ya Kenya, Katama Mkangi katika Walenisi (1995) alimpeleka Dzombo, mtu aliyehukumiwa na kutiwa katika chombo cha kurushwa angani, hadi kwenye nchi ya mbali ambayo jina lake, likikatwa vipande, lasema: wale ni sisi. Liu alimweka angani mwindaji. Mkangi aliweka huko kioo.

Haya yanampa mwalimu wa fasihi kazi mahsusi. Haitoshi kumwuliza mwanafunzi kama Cheng Xin alikosa au hakukosa. Aulizwe pia ni sura ipi aliyoisoma kwanza, ni kwa lugha ipi, na ni methali zipi zilizokuwa zikisema ndani yake alipokuwa akihukumu. Mfasiri atakayeileta riwaya hii katika Kiswahili atalazimika kuyajibu maswali hayo kabla ya mwanafunzi, kwa kuwa atachagua mlango wa kumwingizia msomaji. Akichagua pasipo kufikiri, atakuwa amemhukumu mgeni kabla hajabisha hodi.