Ukumbusho: Neno la Familia na Sikukuu mjini Lubumbashi

1. Utangulizi

Tarehe 1 Agosti ni siku ya mapumziko katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ni sikukuu ya wazazi, nasi watu wa Lubumbashi huiita fete ya bazazi. Siku hiyo ina sehemu mbili. Asubuhi jamaa huenda makaburini wakiwa na majembe, mafagio na ndoo za maji, wakafyeka nyasi za kiangazi na kusafisha makaburi ya wazee wao. Mchana hurudi nyumbani kula pamoja na wazazi walio hai. Watoto wadogo huchukuliwa huku na huko, aghalabu wakiwa wamevaa nguo mpya ambazo vumbi la Agosti huzigeuza kuwa nyekundu kabla ya saa sita.

Mwaka jana nilikwenda na binti yangu, mwenye umri wa miaka minne, kwenye kaburi la marehemu baba yangu. Babu yake alifariki kabla yeye hajazaliwa. Hata hivyo, tulipokwisha kufagia, mtoto alisema kwa sauti ya mtu mwenye hakika: "Miye namukumbuka nkambo." Watu wazima walicheka. Mimi nilicheka pia, lakini sentensi ile ilinifuata hadi nyumbani. Je, mtoto alikosea? Au alitumia kitenzi kukumbuka kwa maana ambayo sisi tuliosoma isimu tumeisahau? Makala haya yanakusudia kueleza neno hilo na jamaa zake, na kuonyesha jinsi kumbukumbu za sikukuu zinavyojengwa katika familia zetu.

2. Neno na umbo lake

Kitenzi kumbuka kina kauli ya kutendesha, kumbusha, kwa kanuni ileile inayotupatia amsha kutokana na amka, na angusha kutokana na anguka: sauti k ya mwisho wa shina hugeuka kuwa sh. Kutokana na kumbuka na kumbusha tunapata nomino mbili zinazofanana kwa sura lakini hazifanani kwa maana. Ya kwanza ni kumbukumbu, iliyoundwa kwa kurudufu. Hiyo hutaja jambo lililohifadhiwa akilini, au hata katika maandishi, kama tusemavyo kumbukumbu za mkutano. Ya pili ni ukumbusho, iliyoundwa kwa kiambishi u- na kiishio -o juu ya shina la kutendesha. Kwa hiyo ukumbusho si kile ninachokikumbuka. Ni kile kinachonifanya nikumbuke.

Tofauti hiyo si ndogo. Kumbukumbu inaweza kuwa ya mtu mmoja peke yake. Ukumbusho, kwa umbo lake, unadai pande mbili: anayekumbusha na anayekumbushwa.

Tuongeze neno la tatu, nkambo. Katika Kiswahili cha Katanga, nkambo ni babu au bibi tunayekula naye. Bankambo ni hao, na ni wahenga pia. Kiswahili sanifu kina mwenendo huohuo katika babu na mababu. Lugha haikuweka ukuta kati ya mzee aliye mezani na mzee aliye kaburini, kama vile siku ya 1 Agosti isivyouweka.

3. Ukumbusho ukutani

Neno ukumbusho lina historia ya pekee katika mji huu. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa Lubumbashi na miji mingine ya Shaba, kama jimbo lilivyoitwa wakati huo, waliwauzia watu wa kawaida picha za kutundika sebuleni: mamba-muntu, Lumumba, na wafungwa wakichapwa fimbo wakati wa ukoloni. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefundisha katika Chuo Kikuu mjini hapa mwanzoni mwa miaka hiyo, alieleza kwamba wenye picha walizitambua nyingi kwa jina moja, ukumbusho. Mchoraji mashuhuri kati yao, Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alichora historia nzima ya nchi kwa picha zipatazo 100, akiisimulia kila moja kwa Kiswahili.

Jambo la kuzingatia ni kwamba picha hizo hazikutundikwa ili zitazamwe kimya. Mgeni aliuliza, mwenye nyumba akasimulia, watoto wakasikiliza. Leo mahali pa picha ya rangi pamechukuliwa na foto za ubatizo, za arusi na za Noeli, nyingine zikiwa katika simu tu. Kazi yake, hata hivyo, ni ileile. Foto isiyo na msimulizi haikumbushi. Inaonyesha tu watu waliovaa vizuri.

4. Mtoto hukumbuka nini?

Wanasaikolojia wanakubaliana kwamba watu wazima wengi hawana kumbukumbu ya matukio ya kabla ya umri wa miaka mitatu hivi. Mtoto wa miaka miwili huifurahia Bonane, yaani sikukuu ya mwaka mpya, lakini baadaye siku ile humpotea. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 watafiti kama Robyn Fivush na Elaine Reese wamechunguza jinsi wazazi wanavyozungumza na watoto wadogo juu ya mambo yaliyopita. Wameona kwamba mzazi anayeuliza maswali yaliyo wazi (tulikwenda wapi? nani alikuwapo? kisha kukawa nini?) na kuongeza maelezo juu ya jibu la mtoto, humsaidia mtoto huyo kusimulia kwa ukamilifu zaidi baadaye. Anayerudia swali moja ili kupata jibu moja hamsaidii kwa kiasi hicho.

Kwa maneno mengine, kumbukumbu ya mtoto hukua kwa kukumbushwa. Sarufi yetu ilikuwa imekwisha kulisema jambo hilo.

5. Samaki wa Bonane

Nitoe mfano wa nyumbani kwetu. Mwezi wa Oktoba 1991 maduka ya Lubumbashi yaliporwa. Bonane iliyofuata ilikuwa ya dhiki. Mshahara wa baba wa Desemba haukulipwa. Baba alinunua samaki mmoja wa Thomson, akamkata mbele yetu vipande tisa, kwa kuwa tulikuwa watu tisa, tukala na bukari na sombe. Kila mwaka baba aliisimulia hadithi hiyo, akionyesha kwa kisu jinsi alivyogawa, na kichwa akajiwekea mwenyewe. Mimi ninamwona baba na kisu chake waziwazi hadi leo.

Lakini mwaka jana, baada ya maneno ya binti yangu makaburini, nilifanya hesabu. Bonane ile nilikuwa na umri wa miaka miwili. Ninachokiona si samaki wa mwaka 1992. Ni samaki wa masimulizi. Binti yangu, ambaye amekwisha kuisikia hadithi hiyo kwetu mara nyingi, anamkumbuka nkambo kwa njia ileile ninayomkumbuka mimi akigawa samaki. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilikuwapo mezani bila kujua.

Mchana ule niliwaeleza jamaa hesabu yangu. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa na miaka tisa wakati ule, akasema samaki walikuwa wawili. Tukabishana. Mwishoni mama yetu, aliyekuwa amenyamaza, akasema: "Bali­kuwa babili. Wa pili, mama jirani alituletea usiku. Baba yenu hakupenda kuvisema." Jirani huyo alikuwa mjane mwenye watoto wake mwenyewe. Kwa zaidi ya miaka 30 tulikuwa tumesimulia ushujaa wa baba, tukamwacha mama yule nje ya mlango wetu.

Sitaki kumhukumu marehemu. Mwenye nyumba aliyeshindwa kulisha watoto wake siku ya Bonane ana aibu yake, na aibu pia huchagua maneno. Lakini mfano huu unaonyesha hatari iliyomo katika neno letu. Ikiwa ukumbusho unahitaji mtu wa kukumbusha, basi mtu huyo ana uwezo wa kuongeza na wa kupunguza, na mtoto hana njia ya kumpinga. Atakua akiapa kwamba aliona.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba kukumbuka, katika matumizi ya mtoto wa Lubumbashi, hakumaanishi lazima kuona kwa macho. Hilo si kosa la lugha. Mtoto yule alisema kweli: alikuwa amekumbushwa, naye akapokea. Tumeona pia kwamba sikukuu haidumu kwa tangazo la serikali peke yake. Mwaka 1974 serikali ya Mobutu iliiondoa Noeli katika siku za mapumziko, na bado watu waliendelea kuisherehekea. Kinachoshika sikukuu ni masimulizi ya mezani.

Kwa wanafunzi wetu, hapa pana kazi isiyohitaji fedha nyingi. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili cha wenyeji wake, na wataalamu bado wanajifunza kutoka kwake. Tarehe 1 Agosti ijayo, kila mmoja anaweza kuandika hadithi moja ya sikukuu ya familia yake, kwa maneno yaleyale ya msimulizi, bila kuyasahihisha yawe Kiswahili sanifu. Kisha amwulize mzee wa pili, na wa tatu, hasa yule anayenyamaza.

Sisi nyumbani tumekwisha kubadilisha hadithi yetu. Samaki sasa ni wawili, na mama jirani ana nafasi yake. Binti yangu aliisikia mara ya kwanza kwa mashaka, akauliza kwa nini zamani tulisema mmoja. Nilimjibu kwamba mimi nami nilikumbushwa vile. Kisha akauliza kaburi la mama yule liko wapi. Hatukujua. Tumeanza kuwauliza watoto wake, ili siku ya wazazi itakapofika tuchukue ufagio wa pili.