Gamba la Konokono na Jeni za Mama

Shika gamba tupu la konokono, ncha juu, mdomo ukikuelekea. Mdomo ukiwa kulia kwako, gamba hilo ni la kulia. Ukiwa kushoto, ni la kushoto. Je, kwa kulitazama tu tunaweza kujua jeni za mwenyewe? Hapana, na sababu yake inatuhusu hata sisi wanafunzi wa isimu.

Tumchukue Lymnaea stagnalis, konokono wa maji baridi. Kila mmoja ni dume na jike pamoja, na anaweza hata kujitungisha mwenyewe. Jeni moja huamua upande wa gamba, na nakala ya kulia huishinda ya kushoto. Mama mwenye nakala mbili za kushoto akitungishwa na baba mwenye mbili za kulia, kila mtoto hupata moja ya kila aina. Kwa kanuni ya Mendel tungetazamia watoto wa kulia. Kumbe wote ni wa kushoto. Watoto hao wakijitungisha, wajukuu wote ni wa kulia, ingawa robo yao wana nakala mbili za kushoto. Robo hiyo ikijitungisha, huzaa wa kushoto watupu.

Mwaka 1923 Alfred Sturtevant alifumbua jambo hilo: kanuni ya Mendel inafanya kazi, ila matokeo yanachelewa kizazi kimoja. Gamba la mtoto hufuata jeni za mama, kwa kuwa mama ameshatia ndani ya yai vitu vilivyotokana na jeni zake. Seli nne za kiinitete zinapogawanyika kuwa nane, zile ndogo za juu hujisokota, na hapo upande huamuliwa, kabla gamba halijaanza kuota. Mwaka 2009 Reiko Kuroda na wenzake walizisukuma seli hizo kwa vijiti vya kioo, na upande wa gamba ukageuka. Lakini watoto wa konokono hao walirudia upande wa jeni zao. Mwaka 2019 Kuroda na Masanori Abe waliiharibu jeni iitwayo Lsdia1 katika konokono wa kulia, wakapata uzao wa kushoto.

Sisi tunalo jambo linalofanana na hilo. Katika Kikuyu, toni ya mofimu kwa kawaida husikika kwenye silabi inayofuata. Mtafiti akiiandika kuwa mali ya mofimu ile alimoisikia, kamusi yake itajaa makosa, hata kama sikio lake ni zuri.

Tunapokwenda vijijini kurekodi lugha zetu za Kibantu kwa ajili ya tasnifu, tufanye kama wafugaji wa konokono wanaosubiri kizazi kimoja zaidi. Mzizi mmoja tuuweke baada ya viambishi mbalimbali. Toni yake ikibadilika kila kiambishi kinapobadilika, huenda mwenye toni ni jirani aliyetangulia.