Ndizi Zilizovundikwa na Mfuko Usiooza

Mama anapovundika ndizi mbichi, ethilini itokayo ndani ya ndizi zenyewe ndiyo huziivisha. Gesi hiyo hiyo, itengenezwapo viwandani kutokana na mafuta na gesi asilia, ndiyo asili ya mfuko wa plastiki. Katika kila molekuli yake, atomi mbili za kaboni zimeshikana kwa vifungo viwili. Kimoja kikifunguka, molekuli hushikana na jirani yake, maelfu kwa maelfu, ukawa mnyororo. Fawcett na Gibson waliupata bila kuutafuta mwaka 1933 huko Winnington, Uingereza: nta nyeupe tu! Mnyororo huo vijidudu vya udongoni havipati pa kuushika. Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko hiyo Juni 1, 2019. Vifungashio vya vyakula vya viwandani, vya ukoo ule ule, vingali vinaruhusiwa.