Waskoti wa Tyneside na Zumari Zao

Vita vilipozuka Ulaya mwaka 1914, watu wa Newcastle, kaskazini ya Uingereza, waliunda vikosi vinne vya askari wa miguu vilivyoitwa Tyneside Scottish. Ajabu ni kwamba wengi wao hawakuwa Waskoti hata kidogo. Wengi walikuwa wachimbaji wa makaa ya mawe. Waliomba ruhusa ya kuvaa kilti wakakataliwa, ila wapiga zumari tu. Tarehe 1 Julai 1916, kule La Boisselle, Ufaransa, wapiga zumari hao walitangulia wakipiga, huku bunduki za mtombo za Wajerumani zikiwafyeka. Makamanda wote wanne waliuawa siku ile. Benchi la mawe la ukumbusho, lililozinduliwa 1922, lingalipo huko kando ya barabara.